Kempa Ni Gari la Kungojea: Ushauri kwa Msafiri wa Majira ya Baridi

Anayepanga kwenda Yukon au Alaska kwa kempa katikati ya majira ya baridi huanza kwa kuuliza habari za vifaa: tairi za aina gani, hita ipi, minyororo ya magurudumu, betri ya ukubwa gani. Maswali hayo ni ya lazima na yatajibiwa hapa, lakini si ya kutangulizwa. Swali la kwanza ni hili: safari yangu ina siku ngapi ambazo sijazipangia kazi yoyote? Mwenye vifaa vyote na tarehe ya kufika isiyosogea yumo hatarini kuliko mwenye vifaa vya wastani na siku nne za akiba, kwa sababu yule wa kwanza itafika siku atalazimika kuingia barabarani wakati barabara haifai. Kempa, yaani gari lenye kitanda, jiko na joto lake humo humo ndani, ni chombo dhaifu cha kushindana na barabara ya barafu, ila ni chombo bora cha kuisubiri. Ukilikubali hilo, maamuzi mengine yote ya safari, kuanzia mafuta hadi ratiba, yanapata mizani yake.

Tuchukue barabara moja inayojulikana, Alaska Highway, ambayo msomaji wa Kiswahili anayeishi Edmonton, Calgary au Minneapolis anaweza kuifikia kwa gari lake mwenyewe. Inaanzia Dawson Creek, British Columbia, inapita Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, na kuishia Delta Junction, Alaska, mwendo wa takriban kilomita 2,200. Jeshi la Marekani liliifungua mwaka 1942 kwa haraka ya vita, na karibu theluthi ya askari walioijenga walitoka katika vikosi vya Wamarekani weusi. Ilikusudiwa kupitisha misafara ya malori ya kijeshi, gari moja likilindwa na jingine. Tangu hapo imenyooshwa na kuwekwa lami, lakini ardhi haikubadilika. Karibu na Summit Lake barabara inapanda hadi mita 1,295 juu ya usawa wa bahari. Kando ya Muncho Lake inajikunja kati ya mwamba na maji. Na kutoka Destruction Bay hadi mpaka wa Alaska imelala juu ya udongo ulioganda miaka na miaka, unaoinuka na kudidimia na kuifanya lami iwe mawimbi. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake ni zaidi ya kilomita 500. Sehemu ndefu za njia hiyo hazina mtandao wa simu, na vituo kadhaa vya mafuta vinavyofanya kazi kiangazi hufungwa baridi ikiingia. Huko Snag, jirani na Beaver Creek, tarehe 3 Februari 1947 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 63 chini ya sifuri, rekodi ya baridi kali kuliko zote zilizopimwa bara la Amerika Kaskazini.

Sasa tufanye hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kutoka Dawson Creek hadi Whitehorse ni kama kilomita 1,400. Kiangazi, madereva wawili wanaopokezana huumaliza mwendo huo kwa siku mbili. Mwishoni mwa Desemba, Whitehorse hupata mwanga wa jua kwa saa tano na nusu hivi, bila kuhesabu mapambazuko na machweo yake marefu. Mwendo salama wa kempa kwenye theluji iliyoshindiliwa ni kama kilomita 60 kwa saa, na ukitoa muda wa kujaza mafuta, kula na kufuta taa zilizofunikwa na theluji, unabaki na kilomita 250 kwa siku. Hiyo ni siku sita za kuendesha. Ongeza siku moja ya akiba kwa kila siku tatu za mwendo, upate siku nane kwenda na nane kurudi. Basi likizo ya wiki mbili haitoshi hata kufika na kugeuza, seuze kukaa na kutazama mianga ya aurora iliyokutoa nyumbani. Asiyefanya hesabu hii mapema ataifanya njiani, na huko italipwa kwa kuendesha gizani, wakati nyati wa msituni, wanyama wa mamia ya kilo, wamesimama katikati ya barabara karibu na mto Liard wakiwa na ngozi nyeusi isiyorudisha mwanga wa taa.

Kwa nini mwendo uwe mdogo hivyo? Kwa sababu barafu inabadilisha hesabu ya breki kwa kiwango ambacho hisia za dereva hazikijui. Kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husimama ndani ya mita 35 au 40 tangu breki ziliposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mwendo ule ule unahitaji kama mita 125, na kwenye barafu yenye maji juu yake mita 250 au zaidi, kabla hata ya kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 40, umbali huo haupungui nusu bali unabaki robo. Ndiyo maana kupunguza mwendo kuna faida kuliko kifaa chochote cha kununua. Dereva aliyekulia kwenye tope la masika anajua kuteleza, na ujuzi huo una thamani, lakini tope humwonya mapema: gari linazama, usukani unakuwa mzito, injini inalalamika. Barafu haitoi onyo la namna hiyo. Usukani unakuwa mwepesi tu, na mwenye kuuona wepesi huo kuwa raha ya barabara anachelewa kutambua kwamba tairi zimeshaacha kushika. Hatari zaidi si baridi kali bali baridi ndogo: barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye utando wa maji, inateleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini. Siku yenye vuguvugu na mvua ndiyo siku ya kubaki kitandani.

Wapo watakaosema kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, likiwa na tairi nzuri, limemaliza tatizo. Halijamaliza. Uvutaji wa magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda mlima. Katika kusimama hausaidii kitu, maana kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Hasara yake ni kwamba dereva huongeza kasi kwa urahisi bila kupata fununu ya utelezi ulio chini yake. Tairi ni jambo jingine, na hapo usibane matumizi. Sheria ya British Columbia inadai tairi za baridi kwenye barabara nyingi za kaskazini kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, zikiwa na meno ya kina kisichopungua milimita 3.5. Herufi M+S pekee zinatosha mbele ya sheria, lakini wewe tafuta alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limepimwa kwenye theluji. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Beba minyororo, uifunge mara moja ukiwa nyumbani na mikono mikavu ili siku ya shida usijifunze gizani. Pima upepo wa tairi upya baada ya gari kulala nje, kwani tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye joto hulegea likikutana na nyuzi 30 chini ya sifuri. Haya yote yanakupa nafasi ya makosa madogo tu. Hayakupi ruhusa ya kuondoka siku mbaya.

Kempa yenyewe inatoa ushahidi wa pili. Ni ndefu na pana ubavuni, kwa hiyo upepo unaolisogeza kidogo gari dogo huisukuma kempa njia nzima. Uzito wake uko juu, kwenye makabati, kiyoyozi na mizigo ya darini, na nyuma yake huning'inia mbali kupita ekseli. Kwenye lami kavu kasoro hizo zinavumilika, bali kwenye barafu, upepo wa ubavu ukikutana na kona, zinaungana. Basi shusha vitu vizito sakafuni karibu na ekseli, usipakie chochote darini, na kabla ya mteremko punguza mwendo na ingia gia ndogo mapema, si katikati ya mteremko. Hata ukifanya hivyo, gari dogo lenye tairi zile zile litakuzidi barabarani. Wewe utalizidi pale linaposimama: dereva wake akikuta barabara imefungwa anatafuta hoteli au anatetemeka, nawe unapika uji. Atumiaye kempa kana kwamba ni gari dogo ameacha faida yake na kuchukua hasara zake zote.

Kwa kuwa kazi ya kempa ni kusubiri, kila kifaa kipimwe kwa swali moja: kitanisaidia kukaa saa 48 bila kusogea? Anza na mafuta. Dizeli ya kiangazi hutoa nta baridi ikizidi na kuziba chujio, kwa hiyo ukitoka kusini fika kaskazini tangi likiwa karibu tupu, ujaze dizeli ya majira ya baridi inayouzwa huko. Baada ya hapo usiruhusu tangi lishuke chini ya nusu. Gesi ya kupikia nayo ina mpaka wake. Butani hukataa kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri, na propani karibu na nyuzi 42 chini. Hivyo mtungi uliochanganywa unaotosha Ulaya ya kusini utakufa mkononi mwako Yukon, na hata propani tupu hudhoofika kabla haijafika mpaka huo. Betri ya asidi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi kali, na betri ya lithiamu fosfeti, ambayo kempa nyingi mpya zinayo, haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Iweke ndani penye joto au hakikisha ina kinga ya kuzuia chaji. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu 9 katika 100 na kupasua bomba. Kilicho rahisi ni kukausha mfumo wote na kutumia madumu yanayokaa karibu na kitanda. Hita ya kupasha injini kwa umeme, ambayo huko kaskazini ni kitu cha kawaida, ifungwe kabla ya safari pamoja na waya mrefu wa kuchomekea.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba kusubiri kwenyewe kunaua. Ni kweli, mtu anaweza kufa kwa baridi ndani ya gari lililosimama, na anaweza kufa upesi zaidi kwa sumu ya kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hata hivyo pingamizi hili linahusu kusubiri mahali pabaya. Kusubiri ninakokushauri hufanyika mjini, kwenye kituo chenye watu, penye umeme wa kuchomekea injini: Fort Nelson, Watson Lake, Teslin, Whitehorse, Haines Junction. Panga kila siku ya mwendo iishie kwenye kituo ulichokipigia simu na kuthibitisha kwamba kiko wazi. Baridi ikishuka kupita nyuzi 35 chini ya sifuri, lala hotelini, na tenga fedha za usiku huo tangu nyumbani ili uchumi usikushawishi vingine. Ndani ya kempa weka kengele ya kaboni monoksidi yenye betri mpya, usipashe chumba kwa jiko la kupikia, na acha tundu dogo la hewa wazi hata kama mwili unakataa. Tundu hilo litatoa pia mvuke wa pumzi, ambao usipotoka huganda kwenye milango na kufuli.

Siku za akiba hazina faida ikiwa hujui lini uzitumie, na binadamu akishawasha injini hupata sababu nyingi za kuondoka. Kwa hiyo masharti ya kubaki yaandikwe kabla ya safari, yakubaliwe na kila aliyemo garini. Ninayopendekeza ni haya: hatuondoki kukiwa na mvua inayoganda, hatuondoki upepo ukipeperusha theluji hadi alama za barabarani zikapotea, hatuondoki mamlaka ya barabara ikishauri watu wasisafiri, hatuondoki baridi ikipita nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa kuwa hapo hitilafu ndogo ya injini inageuka jambo la uhai. Soma taarifa za hali ya barabara za DriveBC na 511 Yukon jioni, uzisome tena asubuhi kabla ya kuwasha gari. Abiria yeyote akisema tusimame, gari lisimame bila mjadala, kwani mara nyingi dereva ndiye wa mwisho kuuona uchovu wake. Methali inatuambia mwenda pole hajikwai, nayo ina hekima, lakini kwenye mvua inayoganda hata mwenda pole huteleza. Siku hiyo usalama haumo katika mwendo wa aina yoyote.

Utaambiwa pia kwamba malori yanapita kila siku, na wenyeji wanaendesha kwenda kazini kama kawaida. Wanaendesha kweli, lakini tazama wana nini ambacho wewe huna. Dereva wa lori anaijua kila kona kwa kuipita mara nyingi, anazungumza na wenzake kwa redio wanaomwambia hali ya mbele, na shehena imeyakandamiza magurudumu yake barabarani. Mwenyeji anakwenda mwendo mfupi, na mtu anamngoja upande wa pili atakayeshtuka asipofika. Nao pia husimama: hali ikiharibika, malori hupanga foleni kwenye vituo kusubiri greda la theluji lipite. Wewe wafuate katika hilo la kusimama kabla ya kuwafuata katika mwendo. Na jipatie angalau kile kimoja wanachokipata bure: mtu anayejua saa ya kuondoka kwako, kituo cha kufikia, na saa ambayo asiposikia habari zako ataita msaada. Penye simu zisizoshika, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti si anasa.

Ukikwama pamoja na tahadhari zote, kanuni ni chache. Baki kwenye gari. Wanaotoka kutafuta msaada kwa miguu hupotea mita chache tu kutoka mlangoni. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwa maana bomba lililozibwa hurudisha sumu ndani. Washa injini kama dakika kumi kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo. Weka sepetu ndani ya chumba, si kwenye buti ambalo mlango wake unaweza kuganda. Vaa nguo za joto ungali mkavu, usingoje hadi uanze kutetemeka.

Limebaki pingamizi la watu wengi zaidi, nalo ni la haki: mwajiri hatoi wiki tatu za likizo ili mtu akae kituoni akisubiri hali ya hewa. Jibu langu ni kwamba siku zikiwa chache, kinachopaswa kukatwa ni kilomita, akiba ibaki. Unaweza kupanda ndege hadi Whitehorse, ukakodi gari huko na kuzunguka karibu na mji. Unaweza kuishia Fort Nelson badala ya kung'ang'ania mpaka wa Alaska. Au uhamishe safari hadi nusu ya pili ya Machi: wakati huo mchana unakaribia saa 12, baridi kali imepungua, na usiku ungali na giza la kutosha kuona aurora, ambayo kwa kawaida huchangamka zaidi karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana. Kwa mwanga huo unaweza kwenda kilomita 350 kwa siku, na safari ile ile ya Whitehorse ikawa siku nne za mwendo na mbili za akiba kila upande. Siku 12, na safari ya wiki mbili inawezekana. Ukipata hizo 12 tu, bila hata moja ya kubaki Whitehorse, fupisha njia. Chukua kalenda leo, kabla ya kununua tairi wala hita, utie alama kwanza siku za akiba, ndipo upange umbali utakaoenea katika siku zilizobaki. Siku hizo usizione kuwa zimepotea ukizitumia kusubiri, wala usijutie ukirudi nazo nyumbani bila kuzigusa: ndizo zilizokuwezesha, kila asubuhi ya safari, kuamua kwa kuitazama barabara na si tarehe.